SVS PB-1000 Pro Kwenye Nyumba ya Mawe: Besi Imetulia, Jamani!

Watu wangu, habari zenu! Karibuni tena. Leo utangulizi ni mfupi, kwa sababu hiki kitu hapa nyuma yangu kimeninyima usingizi tangu kiingie nyumbani. Ni sabufa, SVS PB-1000 Pro, ya inchi 12, kutoka kwa kampuni ya kule Ohio, Marekani. Wati ngapi, kilo ngapi, boksi lina upana gani, hayo mmeshayasoma, maana ninyi wenyewe ndio mmekuwa mkinitumia picha za skrini mkiuliza nitaichambua lini. Kwa hivyo karatasi hatusomi. Kuna kitu kimoja nataka mkione kwa macho yenu, na ninaomba mkae nami, kwa sababu wachambuzi wa ng'ambo hukigusa tu wakapita, na kwa nyumba zetu za Nairobi hicho ndicho kitu chenyewe.

Angalieni ukuta huu. Nagonga. Mmesikia? Kimya. Hili ni jiwe la Ndarugo, juu yake plasta. Dari ni zege, chini ni zege na vigae. Sasa wale jamaa wa Marekani tunaowatazama, nyumba zao nyingi ni fremu za mbao zilizofunikwa bodi za jasi. Ukigonga, ukuta unaitika. Besi ikiupiga, bodi inatetema, na katika kutetema inakula sehemu ya nguvu ile. Nyingine inatoka nje. Ukuta wetu haumezi kitu! Besi ikigonga jiwe inarudi karibu yote, inakutana na nyingine inayokuja, na mahali fulani zinajumlishana, mahali pengine zinauana. Ndiyo maana unanunua sabufa inayosifiwa dunia nzima, unaileta South B au Umoja, na inachokupa ni "buuuum" moja ile ile kwa kila wimbo.

Hesabu yake ni ya darasa la nane, na kila mpenzi wa sinema ya nyumbani anafaa kuijua. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Chukua hiyo, gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili. Sebule hii, kutoka ukuta wa TV hadi ukuta wa kochi, ni mita 4. Mara mbili ni 8. Utapata karibu hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde. Hapo ndipo chumba hiki kinapopenda kupiga kelele, na hakijali umenunua sabufa ya nani. Upana nao una hezi zake, kimo nacho kina zake, lakini hii ya urefu ndiyo mkorofi mkubwa hapa.

Halafu makochi tunayaweka wapi? Ukutani! Sote. Sebule ni ndogo, meza iko katikati, watoto wanahitaji pa kupita. Na ukutani ndipo shinikizo la hayo mawimbi yote linapofika kilele. Yaani umekaa pale pale besi inapolimbikizana.

Haya, sasa tazameni. Kama uko kwenye simu, vaa hedifoni, kwa sababu spika ya simu haiwezi kutoa sauti ya chini hivi. Au fuata mstari kwenye skrini. Nimeweka maikrofoni ya UMIK-1 juu ya kochi, usawa wa masikio yangu, na kompyuta inaendesha REW, programu ya kupima sauti ambayo toleo lake la kawaida ni la bure. Sabufa haijaguswa, iko vile ilivyotoka kwenye kartoni. Napiga sauti inayopanda kutoka hezi 20 kwenda juu.

Hezi 25... 30... mstari umetulia, mnaona? 35. Sasa subirini. 40... HAPO! Mmesikia lile kabati la vyombo? Vikombe vinaongea. Sabufa haijaongezwa sauti hata kidogo, ni chumba kimeitika. Mstari umepanda karibu desibeli 10 juu ya majirani zake. Masikio yetu husikia desibeli 10 kama sauti imekuwa kubwa mara mbili hivi. Kwa hiyo kila noti ya gitaa la besi inayoangukia hapo inafunika zingine, na katika filamu mlipuko, mlango wa gari na radi vyote vinakuwa kitu kimoja.

Sasa, bila kuinuka kochini, nafungua programu ya SVS kwenye simu. Inaunganishwa kwa Bluetooth. Ndani kuna ikwalaiza, yaani kirekebisha sauti, yenye bendi tatu: kila bendi inashusha au kupandisha eneo moja la hezi. Naichagua bendi ya kwanza, naweka hezi 43. Upana naufanya mwembamba, kwa sababu sitaki kuwagusa majirani wa pale, namtaka huyu mmoja tu. Halafu kitelezi hiki. Tazameni kidole changu. Nashusha... desibeli 3... 6... nasikiliza... 9. Hapo.

Narudia sauti ile ile. 35... 40... 43... 45... Kabati limenyamaza! Vikombe kimya, na mstari umelala. Na si ukubwa wa sauti tu uliopungua, hata ule mkia wa mngurumo umekatika, kwa sababu chumba kikipiga hivi, ukishusha kilele sawasawa, na mlio nao unaisha upesi pale ulipokaa. Sasa nawapigia ngoma. Tup. Tup. Tup. Kila pigo linakuja, linaondoka. Kabla ya hapa lilikuwa linakuja linakaa, kama mgeni asiyejua kuaga. Jamani, hiki ndicho ninachokilipia pesa. Sabufa nyingi za bei hii zina vifundo nyuma, na nyuma ni ukutani, kwa hivyo unageuza, unarudi kukaa, unasikiliza, unainuka tena. Hapa ninafanya nikiwa pale pale ninapotazama filamu, na masikio yangu ndiyo yanaamua.

Ila naomba mnisikilize vizuri hapa. Ikwalaiza inashusha vilima, haifukii mashimo. Kama ulipokaa mawimbi yanauana, usiongeze. Ukiongeza desibeli 6 unaiomba amplifaya nguvu mara nne, na shimo litabaki shimo. Dawa ya shimo ni kusogeza: sogeza sabufa, au sogeza kochi, hata sentimita 30. Kuna mbinu ya zamani: weka sabufa pale unapokaa wewe, cheza muziki, halafu tembea kwa magoti kando ya kuta ukisikiliza. Mahali besi inaposikika sawa sawa, hapo ndipo sabufa inapofaa kukaa. Watoto watakucheka, wewe endelea.

Wengi mnaniuliza, "Kaka, si ile sabufa iliyokuja na seti yangu ya spika tano inatosha?" Sitaji jina la ile niliyokuwa nayo hapa awali. Ilikuwa na koni ya inchi 6 na nusu na maandishi makubwa ya wati kwenye kartoni. Achaneni na wati za kartoni, watu wangu! Besi ni hewa. Koni ya inchi 12 ina eneo zaidi ya mara tatu ya ile ya inchi 6 na nusu. Na kila ukitaka kushuka oktavu moja, tuseme kutoka hezi 40 hadi 20, kwa sauti ile ile, lazima usukume hewa mara nne. Mara nne! Koni ndogo itaipata wapi? Kwa hivyo mtengenezaji anafanya ujanja: anaivimbisha pale hezi 60 na kitu, unasikia kishindo, unadhani ni besi. Hata saundbaa nyingi zinazouzwa na kiboksi kidogo kisicho na waya, huo ndio mchezo wao. Mazungumzo ya filamu zinayatoa safi, hilo nakubali, na kwa chumba cha kulala ningeinunua. Lakini tetemeko la ardhi haziwezi.

Na msiniletee nganya. Najua, najua, kuna mtu ataandika hapo chini, "Besi ya matatu ya Rongai inaishinda hiyo." Gari ni kichumba kidogo kilichofungwa, na kichumba kidogo kinainua sauti za chini chenyewe. Zile sabufa ukizitoa pale ukaziweka sebuleni zitabaki na kishindo tu, kile kina hutakipata. Mimi mwenyewe nazipenda nganya, lakini ile ni kazi nyingine.

Tukirudi kwenye mpangilio. Ukiwa na risiva, ile amplifaya inayogawia spika zote sauti, ingia kwenye menyu, spika zako ziite "ndogo" hata kama zinafika kiunoni, na krosova, yaani mpaka ambapo chini yake besi inapelekwa kwa sabufa, weka hezi 80. Hiyo 80 ndiyo THX, wale wa viwango vya sauti za sinema, waliyoichagua, na ina sababu: chini ya hapo masikio hayatambui kwa urahisi sauti inatoka upande gani. Halafu kwenye programu ya SVS zima kichujio cha sabufa, kwa sababu risiva imeshakata. Ukiacha vyote viwili vinakata mara mbili na utapata pengo. Basi. Hapo hakuna la ziada.

Tangazo la chaneli kidogo. Kuanzia mwezi huu video zitatoka Jumapili jioni, si Ijumaa tena, kwa sababu Ijumaa wengi wenu mko kwenye foleni ya Thika Road na mnatazama nusu nusu. Kama hujajiunga, bonyeza hapo chini, na kengele pia.

Majirani. Ninaishi kwenye fleti kama ninyi. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, zile zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango ndani ya makazi kinashuka hadi desibeli 35. Na zege inasafirisha mtetemo hadi kwa watu wa ghorofa ya chini. Programu hii ina nafasi tatu za kuhifadhi mipangilio, nami nafasi moja nimeifanya ya usiku: sauti imeshushwa, na sehemu ya chini kabisa imepunguzwa zaidi. Saa mbili ikifika, naigusa mara moja tu. Chini ya miguu nimeweka vipande vya mpira mzito. Keateka, msimamizi wa jengo, hajapanda ngazi kuja kulalamika. Na kile kilele cha hezi 43 nilichokishusha, ndicho hicho kilichokuwa kinagonga dari ya jirani. Kwa hivyo amefaidika naye.

Bei. Hapa ndipo ninapokasirika kidogo, ingawa si kwa SVS. Unaona bei ya dola, unazidisha, unafurahi. Ngoja. Ushuru wa forodha haupigwi kwa bei ya dukani peke yake, unapigwa kwa bei pamoja na bima na nauli, na sabufa ni zito, nauli yake si mchezo. Halafu VAT, asilimia 16, inapigwa juu ya jumla hiyo ikiwa na ushuru ndani. Halafu ada ya tamko la uagizaji, halafu tozo ya reli. Mpaka inafika mlangoni imekuwa bei nyingine kabisa. Kabla hujaagiza, zunguka Luthuli Avenue, ingia na kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika, uliza. Na kama una binamu anayekuja kutoka Marekani, mwambie asome nyuma ya kifaa chochote cha sauti kabla hajalipa. Kilichoandikwa volti 120 pekee ukikichomeka kwenye 240 yetu, ndugu yangu, utanusa moshi kabla ya muziki. Na guard ya TV iwepo, umeme ukipotea na kurudi kwa kishindo usipige amplifaya moja kwa moja.

Sasa, je, ningeinunua tena? Nilipoanza kurekodi nilikuwa nimeamua ndiyo, bila swali. Lakini nikiangalia hii sebule ya mita 4 na hiki kiboksi kinavyokula kona yote... kuna ndugu yake, SB-1000 Pro, lile boksi lisilo na tundu la kupitishia hewa kama hii yangu. Ni dogo kwa mbali, programu ya simu ni hii hii, na chumba kidogo cha mawe kinaisaidia pale chini. Haisukumi hewa kama hii kule kwenye hezi 20, hilo halifichiki. Kwa filamu za vita na anga bado nachagua hii yenye tundu. Kwa bedsitter, au kwa mtu wa rumba na benga zaidi ya filamu, naona ile ndogo ndiyo. Na mwenye pesa ya sabufa moja kubwa sana, mimi ningemwambia anunue mbili za wastani aziweke katikati ya kuta zinazotazamana. Todd Welti wa Harman alilifanyia utafiti jambo hili mwaka 2002, na mpango huo unatuliza besi kwa kochi zima, si kiti kimoja.

Nataka kufanya video ya sebule zenu. Niandikieni hapo chini urefu, upana na kimo kwa mita, kochi liko ukuta gani, sabufa iko kona gani, na kuta ni za nini. Nitachagua chumba kimoja Eastlands na kimoja Westlands, nije na maikrofoni, tupime tukiwa pamoja. Msisahau kimo, wengi huwa hamkiandiki.