Jellyfin kwa wapangaji wengi: uzoefu wangu Malimbe, Mwanza

Naitumia Jellyfin, programu ya kurushia video kutoka kompyuta moja (seva) kwenda simu na televisheni, kwenye hosteli ya wanafunzi Malimbe, ili wapangaji waangalie mihadhara iliyorekodiwa na filamu bila kula bando. Ni ya bure, na kwa watu watatu wanne haisumbui hata kwenye kompyuta kuukuu. Kazi ipo usiku, watu ishirini wakifungua kwa mkupuo. Hapo wengi hukimbilia kununua seva kubwa, wakati kinachoiua ni faili zenyewe.

Simu ikiweza kucheza faili kama ilivyo, seva inasoma diski na kutuma, basi. Isipoweza, seva inaichakata video upya papo hapo, na prosesa ya kawaida hulemewa na watazamaji wachache tu wa namna hiyo. H.265, namna mpya ya kubana video, kwenye televisheni za zamani ndiyo mkorofi wa kwanza. Wa pili ni manukuu (maandishi ya chini ya filamu) yaliyo picha, yale ya PGS yanayotoka kwenye Blu-ray: kifaa kisipoyamudu, seva huyabandika juu ya kila fremu, yaani filamu nzima inachakatwa kwa ajili ya mistari miwili ya maandishi. Tumia SRT, manukuu ya maandishi matupu.

Kila faili naipitisha kwanza kwenye amri hii ya ffmpeg, programu ya kubadilisha video, iwe H.264 ambayo vifaa vingi huicheza:

ffmpeg -i kabla.mkv -c:v libx264 -crf 22 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -ac 2 -movflags +faststart baada.mp4

Usisahau kuandika yuv420p, ndiyo inayoifanya video iwe ya biti 8; H.264 ya biti 10 hugoma kwenye simu nyingi. Kisha, kwenye akaunti ya kila mtumiaji, ondoa alama kwenye ruhusa ya kuchakata video. Faili mbovu itakataa kucheza kwa huyo mmoja, badala ya kuwakwamisha wote.

Mtandao nao upigie hesabu: watu 20 kwa Mbps 5 ni Mbps 100, kwa hiyo swichi ya zamani ya Mbps 100 imeshajaa. Weka ya gigabiti, vuta kebo hadi kila ghorofa, na kila ghorofa iwe na Wi-Fi yake ya GHz 5, maana masafa hayo hayapenyi vizuri kuta za tofali.

Ninachokilalamikia Jellyfin ni hifadhidata yake ya SQLite, faili inamoweka orodha ya video na watumiaji. Huwezi kuweka seva mbili ziitumie kwa pamoja ili kugawana mzigo, na umeme ukikatika ghafla inaweza kuharibika. Iweke kwenye SSD, seva ikae kwenye UPS (betri ya akiba), na nakala ya folda ya hifadhidata hiyo ichukuliwe kila usiku huduma ikiwa imezimwa.

Kwa hosteli moja naipa nyota nne kati ya tano. Kwa hosteli mbili, funga seva mbili zisizotegemeana.