Shades of Deep Purple: nyota tatu, na moja ni ya kinanda

Kama Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, unawajua kwa wimbo wao "Smoke on the Water", ukiiweka hii albamu yao ya kwanza utadhani umeuziwa bendi nyingine. Hutakuwa mbali sana na ukweli. Ian Gillan, mwimbaji wa wimbo ule, hayumo; Roger Glover, mpiga besi wake, naye hayumo. Anayeimba ni Rod Evans, sauti laini ya kubembeleza, na besi analo Nick Simper. Ritchie Blackmore wa gitaa, Jon Lord wa kinanda na Ian Paice wa ngoma wapo, ila mwaka huo wa 1968 hawajaamua wanataka kupiga muziki gani.

Ninayo sidii ya toleo la mwaka 2000. Albamu yenyewe ina nyimbo nane, na nne kati yake ni kopi, yaani nyimbo za wengine walizozipiga upya. Kopi si tatizo kwangu, bendi nyingi nzuri zimeanza hivyo. Tatizo ni kwamba kila wimbo unavuta upande wake: huku saikedeliki, ile roki ya milio ya kindoto, kule pop ya redioni, mara wanachomeka muziki wa kiklasiki. "I'm So Glad" inatanguliwa na kipande cha Scheherazade ya Rimsky-Korsakov, na mpaka wimbo wenyewe uanze umeshasahau ulikuwa unasubiri nini. "Help" ya Beatles wameipunguza mwendo hadi inakokota miguu. Halafu katikati ya nyimbo wametia milio ya kila aina, radi na takataka nyingine, ambayo ukishaisikia mara moja inatosha.

Kazi nzima ilirekodiwa wikiendi moja ya Mei, studio za Pye, London, chini ya prodyuza Derek Lawrence. Haraka hiyo utaisikia, na mahali pengine imewasaidia. "Hush" ndiyo ushahidi. Baada ya mlio wa mbwa mwitu, ngoma za Paice zinaingia na hazitulii tena, kiitikio kinashika mara ya kwanza tu, kisha Lord anapewa nafasi ya solo. Ogani yake ya Hammond inakwaruza, inapanda, inauma kama gitaa. Wimbo si wao, ni wa mtunzi Mmarekani Joe South, lakini ukishamsikia Lord hapo toleo jingine lolote linapwaya. Huyu ndiye anayeongoza bendi kwenye albamu hii. Blackmore anasubiri zamu yake, na anapoipata kwenye "Mandrake Root", sehemu ya pili ambapo kuimba kumekwisha na wote wanakimbizana, ndipo unaposikia bendi itakayokuja.

Mapokezi nayo yalikuwa ya ajabu. Marekani, ambako ilitoka Julai, "Hush" ilifika namba 4 na albamu namba 24 kwenye chati za Billboard. Kwao Uingereza ilitoka Septemba na haikuingia chati kabisa. Binafsi naona kila upande ulikuwa na haki yake. Wamarekani walinunua wimbo mmoja mzuri sana. Waingereza wakasikia vijana walioshiba Vanilla Fudge, bendi ya Marekani iliyozipiga nyimbo za wengine polepole na kwa uzito, kupita kiasi, na hilo huwezi kulikataa ukifika "Hey Joe", zaidi ya dakika saba, yenye mapigo ya Kihispania yaliyochukuliwa kwa mtunzi wa kiklasiki de Falla. Mimi huiruka.

"One More Rainy Day" na "Love Help Me" zinapita tu, huzidai chochote. "And the Address", ala tupu inayofungua albamu, naipenda kuliko wengi wanavyoipenda. Bendi yenyewe iliirudia mwaka 2020 kwenye albamu ya Whoosh!, na aliyepiga mara zote mbili ni Paice peke yake.

Usianze nayo kama huijui bendi. Chukua albamu yao In Rock ya 1970 kwanza, kisha rudi huku. Na ukinunua, tafuta toleo hili la 2000. Kati ya nyongeza zake kuna "Hush" waliyopiga moja kwa moja kwenye runinga ya Marekani, imechangamka kuliko ya studio.