Pikipiki Kubwa ya Safari za Watu Wawili kutoka Lubumbashi: Ipi Itangulie

Mtu anayetaka kuiacha pikipiki ya cc 125 au 150 ili aende Likasi au Kolwezi na mwenzi wake kwa kawaida huanza kwa kuulizia ukubwa wa injini, ilhali swali la kwanza linamhusu yule anayekaa nyuma: kiti chake kina upana gani, magoti yake yatakunjwa kiasi gani, na springi ya nyuma itahimili uzito gani kabla ya kugota. Injini ndogo ina udhaifu wake, bila shaka. Boxer 150 ina nguvu za farasi 12 hivi, na ikiwa na watu wawili na begi haiwezi kulipita upesi lori la shaba kwenye Barabara ya Taifa namba 1. Hata hivyo, ukishavuka farasi 50, kiti kizuri humfaa abiria kuliko nguvu za ziada.

Fanya hesabu ya uzito kabla ya kuangalia bei. Dereva wa kilo 80, abiria wa kilo 65, mizigo ya kilo 25 na masanduku yake yenye kilo kumi na kitu hufikia kilo 180 bila mtu kuona, na kila mtengenezaji huandika katika kitabu cha pikipiki kikomo ambacho hakipaswi kuvukwa.

Nafasi ya kwanza ninaipa Suzuki V-Strom 650, hasa zile za kuanzia mwaka 2012. Haina sura ya kuvutia, lakini injini yake ya cc 645 hutoa farasi karibu 70, tangi lake huchukua lita 20, na kiti chake cha nyuma ni kipana, chenye vishikio imara. Kwa ulaji wa lita 5 kwa kilomita 100, utakwenda Kolwezi, yaani kilomita 300 hivi, bila kutafuta petroli njiani. Jambo linalonivutia zaidi ni kitufe cha kuzungusha kwa mkono kilicho ubavuni: abiria akipanda unaikaza springi ya nyuma bila kutafuta spana, na akishuka unailegeza. Rimu zake za kawaida hazitumii mpira wa ndani, hivyo tundu la msumari huzibwa kwa kizibo kando ya barabara, bila kuling'oa gurudumu.

Ya pili ni Honda NC750X, kwa wale wasioiacha lami. Hula mafuta kidogo sana, farasi zake hazizidi 60, na zilizotoka kuanzia 2021 zina kiti cha dereva chenye urefu wa milimita 800 tu kutoka chini, jambo linalowasaidia wafupi kusimama imara wakati abiria anapanda. Mahali ambapo pikipiki nyingine huwa na tangi, hii ina sanduku la kuwekea kofia. Ila mdomo wa tangi lake la lita 14 uko chini ya kiti cha abiria, kwa hiyo mzigo uliofungwa juu ya kiti hicho lazima ufunguliwe kila mara kwenye kituo cha mafuta. Ninapendekeza ile ya gia za mguu, si ile inayobadili gia yenyewe, kwa sababu fundi wa kuielewa hupatikana kwa urahisi zaidi.

Honda Africa Twin ya cc 1084 ni ya tatu, na ingekuwa ya kwanza kwa anayetaka kufika hifadhi ya Kundelungu kuona maporomoko ya Lofoi, ambako vumbi jekundu na mashimo huanza lami inapokwisha. Toleo la Adventure Sports lina tangi la zaidi ya lita 24 na rimu zisizo na mpira wa ndani. Urefu wake ndio tatizo: kiti cha dereva kiko milimita 850 hadi 870, na kwenye mchanga watu wawili huiangusha kwa urahisi.

BMW R 1250 GS humbeba abiria vizuri kuliko zote. Ina farasi 136, kikomo cha uzito wa jumla ni kilo 465 huku yenyewe ikiwa na kilo 249, na gurudumu la nyuma huzungushwa na shafti, yaani mhimili wa chuma, badala ya cheni. Ninaiweka ya nne kwa sababu kompyuta ya kuipima hitilafu haipatikani kwa fundi wa kawaida. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 ni rahisi kutengeneza, lakini farasi 24 hazitoshi wawili. Yamaha Ténéré 700 ni pikipiki nzuri ya mtu mmoja.

Kuhusu cheni, neno moja: mama anayekaa upande mmoja akiwa amevaa kikwembe hufika salama mtaani kwa mwendo mdogo, lakini safarini avae suruali na kukaa akitazama mbele, kwa maana ncha ya nguo ikinaswa na cheni huvuta mtu.

Anayenunua iliyotumika kutoka Afrika Kusini na kuipitisha Kasumbalesa, mpakani na Zambia, aangalie mambo mawili, mbali na karatasi za forodha. Taa za nchi inayoendesha kushoto mara nyingi humulika zaidi upande huo, na kwetu tunaoendesha kulia humpiga machoni anayekuja. Pili, adai funguo zote mbili, kwa kuwa katika pikipiki hizi nyingi ufunguo una chipu inayotambuliwa na injini. Ukipotea ule mmoja uliobaki, fundi wa kuchonga funguo hatasaidia, na huenda ukalazimika kununua kompyuta mpya ya injini.