Uzoefu wangu na wakili wa rufaa Tabora

Mdogo wangu alihukumiwa miaka 30 na mahakama ya wilaya kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Hicho ndicho kiwango cha chini cha kosa hilo, hakimu hawezi kushuka hapo. Akapelekwa gereza la Uyui.

Kusudio la kukata rufaa alilijaza gerezani ndani ya siku 10 zinazotakiwa. Kilichotutesa ni nakala za hukumu na za mwenendo, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani. Tulihangaika miezi mitatu, hatulali, tukidhani siku 45 za kupeleka sababu za rufaa zimeshatupita. Kumbe muda wa kusubiri nakala hauhesabiwi.

Wakili nilielekezwa na jirani. Ni mama mtu mzima, ana ofisi ndogo mjini. Nilimlipa laki tisa kwa awamu tatu, na kila mara alinipa risiti. Lakini kabla hajapokea hata shilingi, alisoma mwenendo wote mbele yangu, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Ukurasa wa 11 akasimama.

"Mwanangu, hebu soma hapa."

Mlalamikaji alisema alimtambua mdogo wangu kwa mwanga wa taa ya sola. Basi, kaishia hapo. Taa ilikuwa wapi, inawaka kiasi gani, walisimama umbali gani, tukio lilichukua dakika ngapi, hakuna aliyeuliza. Mama akanieleza kuwa Mahakama ya Rufani ililisema hili tangu shauri la Waziri Amani, 1980: ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho usitumike kumtia mtu hatiani mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa.

Lililonitoa machozi ni jingine. Huyo mlalamikaji amecheza chandimu na mdogo wangu tangu utotoni, lakini usiku ule kwa mwenyekiti wa kitongoji alisema tu "watu watatu wenye mapanga". Jina alilitaja siku ya nne.

Mama hakuniahidi ushindi. Mbele ya jaji alizungumza kama dakika 20 hivi, na wakili wa Serikali naye akaunga mkono rufaa kwenye hoja ya utambuzi. Hukumu ikafutwa, mdogo wangu akaachiwa.

Kasoro yake ni simu, hapokei. Mara mbili nilipanda gari kutoka Urambo kuuliza tarehe tu, na nauli ile iliniuma. Hata hivyo ndugu yangu mwingine akipatwa, nitarudi kwake. Ukienda, beba mwenendo kamili. Mimi mwanzo nilipeleka hukumu peke yake, akanirudisha.