Steshenari ya Kirumba iliyomsaidia dogo kukata rufaa ya chuo

Jamani hawa watu wa hii steshenari ya hapa Kirumba, Mwanza, karibu na soko nawapa nyota nne. Mdogo wangu alikosa chuo, eti hana sifa, wakati fomu six ana C mbili na D, yaani pointi 8, na TCU (tume ya vyuo vikuu) wanataka prinsipo mbili, yaani masomo mawili makuu uliyofaulu, zenye jumla ya pointi 4 tu, sasa kozi yenyewe haikuwa hata udaktari! Yule dada wa kompyuta hakukimbilia kuandika barua, kwanza akafungua akaunti ya dogo akakagua, kumbe namba ya mtihani ya fomu foo ilikosewa tarakimu moja (tulijazia sehemu nyingine huko, siwataji). Akaandika rufaa fupi ya ukurasa mmoja bila kulialia, akaambatanisha matokeo, na akatuambia ukweli kwamba tusikae kusubiri jibu, tuombe na dirisha la pili la maombi ya chuo. Buku saba jumla.

Nyota moja nimekata sababu ya foleni, na feni haifanyi kazi, na lile joto la mchana mnalijua wenyewe. Dogo kapata awamu ya pili, ya rufaa hawajajibu mpaka leo.