Filta ya CPL kwenye maji ya Bukavu: usiizungushe hadi mwisho

Wauzaji huisifu filta ya CPL (polaraiza, kioo cha kuzungushwa kinachofungwa mbele ya lenzi ya kamera) kwa jambo moja: inafuta mng'ao juu ya maji. Kweli inaufuta, na ndipo picha nyingi za matete na mafunjo ya ufuo wa Ziwa Kivu zinapoharibikia. Maji ya kinamasi, yenye majani yaliyooza, hayana rangi nyingi ya kwao. Ukiyanyang'anya anga iliyolala juu yake, yanabaki meusi kama lami.

Kwa hiyo itumie nusu. Zungusha pete ya filta hadi mng'ao upotee kabisa, kisha irudishe nyuzi 30 hadi 45. Mashina ya mafunjo yataonekana yakizama, na wingu litabaki juu yake. Inamisha kamera, upeo wa macho uuache nje ya picha. Nguvu ya filta iko pale unapoyatazama maji kwa pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake. Ukielekeza kamera chini wima, unazungusha bure.

Mwenye tripodi apige mbili: moja bila mng'ao, ya pili pete ikiwa imezungushwa nyuzi 90, kisha aziunganishe kwenye kompyuta kwa tabaka (layers), moja juu ya nyingine. Hapo upepo ndio adui, maana matete yakisogea picha hazilingani tena. Nenda alfajiri. Mizani ya rangi (white balance) ya kamera ifunge kwenye 5500 K, yaani mwanga wa mchana, kwa sababu otomatiki ikiona kijani kingi huongeza uzambarau, na picha mbili zinaweza kutoka na rangi mbili.

Pale Lac Vert, ziwa dogo karibu na Goma, kanuni inageuka: kijani kimo ndani ya maji yenyewe, kwenye mwani, hivyo zungusha hadi mwisho bila wasiwasi.

Filta inakula mwanga, stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu): kasi ya shata ya sekunde 1/125 inaweza kushuka hadi 1/30. Bila tripodi, panda kutoka ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100 hadi 400.

Sasa ununuzi, maana feki ni nyingi. Omba laptopu dukani, fungua ukurasa mweupe, tazama skrini kupitia filta, upande wenye skrubu ya kufungia kwenye lenzi ukielekea jicho lako (ukiigeuza, jaribio halina maana). Ukizungusha, skrini lazima izime karibu kabisa. Ikibaki zambarau, kioo ni hafifu. Isipobadilika hata kidogo, umeuziwa kioo cheusi tu, rudisha.

Pete nene hutia giza pembeni mwa lenzi pana, chukua nyembamba. Kipenyo fuata lenzi yako kubwa, mfano milimita 77, na kwa zile ndogo nunua pete za kuunganishia. Ni rahisi kuliko filta tatu. Ikikwama, zungushia mpira wa kufungia noti ndipo uifungue. Kuibana kwa vidole kwa nguvu kunaipinda pete, na inazidi kung'ang'ania.