Ukuta wa mpaka Dodoma: huduma ya kufufua bikoni na kumpa jirani taarifa

Kifurushi cha watoa huduma hii kina vitu vitatu: kufufua mipaka, yaani kutafuta na kurudisha mahali pake bikoni (alama za kona za kiwanja), barua kwa majirani, na picha za ukuta wa jirani kabla sururu haijagusa ardhi. Upimaji wao ni wa kuaminika. Barua yao ndiyo inayotaka kurekebishwa, na kwa ukuta wa mpaka barua ni nusu ya kazi.

Mpima ana leseni, anadai nakala ya hati na ramani ya upimaji kabla ya kupanga siku, na haridhiki na bikoni mbili tu. Anatafuta hadi za viwanja vya jirani, kisha analinganisha. Hapa kwetu ni lazima iwe hivyo, maana greda likichonga barabara ya mtaa bikoni ya kona hung'oka, na msamaria mwema huirudishia kwa kukadiria. Mgogoro huanzia hapo. Akimaliza anapiga pegi, anavuta kamba, na majirani wanaitwa kuiona mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Hatua hiyo pekee inatosha kuipendekeza huduma hii.

Sasa barua. Inasema tu kwamba ujenzi wa ukuta utaanza tarehe fulani. Jirani anastahili kujua kina cha mtaro wa msingi, maji ya mvua yatatokea wapi, simu ya fundi mkuu, na zaidi ya yote upana wa kitako cha msingi, yaani zege pana la chini linalobeba ukuta. Tofali la inchi 6 ni kama sentimita 15. Kitako kikiwa sentimita 60, kinazidi ukuta kwa sentimita 22 na nusu kila upande. Kwa hiyo uso wa ukuta ukikaa juu ya mstari wa mpaka, kitako kimeshaingia kwa jirani ingawa kwa macho ukuta haujavuka. Ama ukuta urudishwe ndani kwa kiasi hicho, ama jirani akubali kwa maandishi. Makubaliano ya mdomo hayafai: kiwanja huuzwa, na mnunuzi hajui mlichoelewana.

Kasoro nyingine, barua wanamwachia yeyote anayefungua geti. Mara nyingi huyo ni mpangaji, mwenye nyumba yuko Dar au kahamishwa kikazi. Sisitiza isainiwe na mwenye kiwanja na nakala ibaki ofisi ya mtaa. Siku saba wanazotoa ni chache mno. Uingereza na Wales, kwa sheria yao ya 1996, ukuta mpya kwenye mpaka hutolewa taarifa mwezi mmoja kabla, na huo ni muda wa kuiga.

Picha wanazipiga vizuri: kila ufa una futi kamba pembeni na tarehe inasomeka. Waongeze shimo dogo la kuona msingi wa jirani umeshuka kiasi gani. Mtaro wako ukienda chini yake, chimba kipande cha mita moja, ruka kinachofuata, mwaga zege, likishika ndipo urudie ulichoruka. Kuchimba wote kwa mkupuo huuacha msingi wa jirani ukining'inia, na penye mfinyanzi mweusi, mvua za Desemba zikiukuta mtaro wazi, ukuta wake unaweza kulala.

Kabla ya kumaliza malipo, dai mchoro uliosainiwa na mpima wenye namba za bikoni na vipimo vya kila upande. Wasipoombwa hawautoi, na pegi za mbao Dodoma huliwa na mchwa mapema.